Diski ya nje ya nakala za akiba: iachwe imechomekwa?

Muulizaji, Nyegezi: Wanajamvi, nina ofisi ndogo ya uchapaji hapa Mwanza na kompyuta ya Windows 10. Nimenunua diski ya nje ya terabaiti 1. Je, niiache imechomekwa ili File History, programu ya Windows ya kutunza nakala za mafaili, inakili yenyewe, au ninakili kwa mkono kila jioni?

Jibu la kwanza: Ndugu, kazi ya mkono husahaulika wateja wanapojaa. File History, kwa mpangilio wake wa kawaida, hunakili kila saa mafaili yaliyobadilika na kutunza matoleo ya awali, hivyo barua iliyovurugwa leo unaweza kuirejesha ilivyokuwa jana. Ila kama kazi zako zimo kwenye folda iliyo diski D ya kompyuta, ni lazima uiongeze folda hiyo mwenyewe kwenye File History, la sivyo haitanakiliwa.

Jibu la pili: Naafiki, lakini diski inayokaa imechomekwa inaweza kufungwa na virusi vya kudai fidia (vinavyofunga mafaili hadi ulipe) pamoja na kompyuta yenyewe, na radi za kandokando ya ziwa hili nazo hazichagui. Nunua ya pili, uitunze nyumbani, uzibadilishane kila Ijumaa.

Muulizaji: Ahsanteni. Nitaanza na folda ya diski D.

Jibu la pili: Vyema. Kisha jaribu kurejesha faili moja, ulifungue.