Mrejesho: gitaa kuchelewa nikirekodi kwenye Reaper

Wakuu, ni mimi niliyeuliza kwa nini nikirekodi gitaa kwenye laptop kwa Reaper, programu ya kurekodi muziki, sauti inafika kwenye hedifoni ikiwa imechelewa, hadi napoteza mapigo.

Limekwisha. Aliyenielekeza niweke ASIO4ALL, draiva ya sauti ya bure ya Windows, kisha niangalie bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakusanya kwanza kabla ya kukichakata, ubarikiwe. Bafa ilikuwa sampuli 1024; kwa 44,100 Hz, yaani sampuli 44,100 kwa sekunde, hiyo ni kama milisekunde 23 kwa kuingia tu, bado kutoka. Nikashusha hadi 128, takribani milisekunde 3, gitaa likakaa kwenye mdundo. Ila nikirundika efekti kama rivabu (mwangwi) na kompresa (ya kusawazisha ukubwa wa sauti) kwenye treki nyingi, laptop yangu kuukuu inaanza kukwaruza, kwa hiyo nikifika kwenye kumiksi narudisha 1024. Hapo sirekodi, ichelewe tu.

Mlioshauri nihamie programu ya FL Studio, asanteni, lakini mimi napiga na kuimba, sitengenezi biti. Nabaki na Reaper.

Kilichobaki ni mvua. Huku Uyole bati likianza kupigwa, hakuna programu ya kukuokoa. Maiki ya kondensa inadaka kila tone. Nasubiri ikatike usiku, natundika mablanketi nyuma yangu, na kwa baridi ya Mbeya, wenye mablanketi wanayadai mapema.