LDH inapanda ghafla kwa mgonjwa wa selimundu: ni ugonjwa au ni sampuli?

Msampuli: Wakuu, naomba msaada. Tunapima LDH (kimeng'enya kilichomo ndani ya chembe) na malondialdehaidi (MDA, kitu kinachobaki mafuta yakioksidika) kwa wagonjwa wa selimundu walio katika hali tulivu, wasio na maumivu. Mgonjwa yuleyule ametoa LDH 480, wiki mbili baadaye 910, na safari hii plazma ina wekundu. Chembe nyekundu za damu zimepasukia mwilini au kwenye tyubu? Na MDA ya sampuli hiyo niiamini?

Benchi_la_Kemia: Usianze na LDH, anza na potasiamu na bilirubini (rangi ya manjano itokanayo na chembe zilizovunjika) ya tyubu ileile. Chembe nyekundu ina LDH zaidi ya mara 100 ya ile ya plazma, na potasiamu tele. Ikipasukia kwenye tyubu, vyote viwili vinapanda pamoja. Ikipasukia mwilini, figo zikiwa nzima hutoa potasiamu ya ziada, kwa hiyo LDH inabaki juu na potasiamu iko sawa. Bilirubini isiyounganishwa (ambayo ini halijaichakata) haiongezwi na chembe zilizopasuka kwenye tyubu, maana hutengenezwa mwilini kutokana na himu, sehemu ya himoglobini yenye chuma. LDH ikiwa imepanda karibu maradufu na potasiamu pia iko juu, huku bilirubini na retikulosaiti (chembe nyekundu changa) ziko palepale, chukua damu upya.

Haptoglobini, protini inayonasa himoglobini iliyomwagika, haitakusaidia sana hapa. Kwa wengi wenye selimundu imekwisha muda wote, haina pa kushuka tena.

Sindano21: Nakazia uchukuaji, kwa sababu sampuli nyingi huharibikia hapo. Sindano ya 21G, mpira wa mkononi usizidi dakika moja, spiriti ikauke kabisa kabla ya kuchoma. Ukitumia bomba la sindano, usisukume damu kwenye tyubu kupitia sindano. Geuza tyubu taratibu mara 8 hivi, usitikise. Tumia aina moja ya tyubu kila safari: seramu hutoa LDH kubwa kuliko plazma kwa sababu chembe sahani humwaga yake damu inapoganda. Tenganisha mapema, na seramu ya LDH isigandishwe. Baadhi ya isoenzimu zake (aina mbalimbali za LDH) hufa kwa baridi, ukapata namba ya chini isiyo ya kweli.

Radikali_Huru: MDA ya plazma nyekundu usiiamini, hasa kama mnatumia asidi ya thiobabituriki na kusoma kwenye nanomita 532. Mnachemsha kwenye nyuzi 95, na chuma cha himoglobini iliyo humo kinachochea mafuta kuoksidika papo hapo. Mnapima kilichotokea kwenye maji ya moto, si mwilini mwa mgonjwa. Weka BHT (dawa ya kuzuia uoksidishaji) kabla ya kugandisha na tena kabla ya kuchemsha, hifadhi kwenye nyuzi −80, na ikiwezekana tenganisha MDA kwa HPLC (mashine ya kromatografia), kwa sababu bilirubini na sukari pia hutoa rangi inayopotosha.

Kama mnapima pia glutathioni (kinga ya chembe dhidi ya uoksidishaji), hiyo ni dhaifu zaidi: huanza kuoksidika ndani ya dakika chache. Itiwe asidi au N-ethilimaleimidi (kemikali ya kuizuia isioksidike) pale pale damu inapotoka.

Himoglobini huru nayo pimeni, isiishie kukadiriwa kwa macho. Zungusha kwenye sentrifuji mara mbili, na mara ya kwanza acha kidole kimoja cha plazma juu ya chembe, usifyonze mpaka chini. Soma nanomita 380, 415 na 450. Zile mbili za pembeni huondoa kivuli cha bilirubini, ambayo kwa wagonjwa hawa haikosekani.

Msampuli: Asanteni sana. Potasiamu ni 6.3, bilirubini ileile ya awali. Narudia. Swali la mwisho: LDH ikishuka, niseme hali imeboreka?

Benchi_la_Kemia: Rudia kwa haraka leo hii, na mwambie daktari: potasiamu ya 6.3 iko juu, haiachwi bila kuthibitishwa. Kuhusu LDH, tazama retikulosaiti na himoglobini kwanza. Himoglobini ikipanda, na retikulosaiti zikishuka pamoja na LDH, kama kwa anayetumia haidroksiyurea (dawa ya selimundu), ni nafuu. Lakini himoglobini ikianguka na retikulosaiti zikiwa karibu sifuri, uboho umesimama, mara nyingi kwa virusi vya parvo B19. Chembe za mgonjwa huyo huishi siku 10 hadi 20 tu, si 120, kwa hiyo damu hupungua haraka. Piga simu wodini kabla hujaandika ripoti.