Dawa ya kichefuchefu inanitoa utulivu, kuna alopatwa na haya?

MamaWete: Asalaam alaykum jamani, nimepewa metoklopramaidi hapa Wete kwa ajili ya kichefuchefu, siku ya pili tu sikai situlii, miguu yataka kutembea yenyewe, roho juu, nalia bila sababu, mume wangu keshataka kuniitia mganga.

Mchakechake: Waalaykum salaam, pole sana dada. Si shetani hiyo ni dawa, inazuia dopamini (kemikali ya mwili inayopeleka ujumbe) mpaka kwenye ubongo ndo mana mtu hatulii au anaingiwa na huzuni. Mpigie daktari leo leo usingoje.

DadaMkoani: Kweli, mdogo wangu yalimkuta. Ulaya tokea 2013 wanashauri dawa hii isitumiwe kuzidi siku 5.

MamaWete: Nshampigia, kanambia niache nikabadilishiwe. Ahsanteni sana.