Nimeomba miaka, kaka yangu bado analewa

Naombea kaka yangu aache pombe tangu mama yetu akiwa hai. Mama tumeshamzika, kaka bado analewa. Kuna aliyeniambia niongeze imani. Niongeze kutoka wapi? Mungu namwamini, ila nikipiga magoti maneno hayaji.

Jibu: Pole sana dada. Soma Zaburi 88. Inaanza kwa kilio na kuishia gizani, shukrani hazimo, na bado imo kwenye Biblia. Maneno yakikosekana, isome kwa sauti iwe sala yako.

Jibu: Mtume Paulo aliomba mara 3 "mwiba" wake, yaani taabu iliyomtesa, umtoke, haukutoka (2 Wakorintho 12). Nani atasema alipungukiwa imani?

Muulizaji: Asanteni. Hilo la Paulo limenishika. Mtajeni kaka yangu kwenye maombi yenu, mimi nimechoka.