Kliniki ni kilo na chanjo tu, macho ya watoto nani anaangalia?

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Kuna mzazi humu ambaye mtoto wake aliwahi kumulikwa macho kliniki bila kuomba? Mimi naona mizani, sindano, kadi inaandikwa, "mwingine aingie!" Macho mpaka uulize, na ukiuliza unatazamwa kama umekuja kutafuta ugomvi.

Wangu jicho moja lilikuwa linakimbilia puani. Jibu: "Bado mdogo, litakaa sawa lenyewe." Sawa, kichanga wa wiki chache macho kupishana ni kawaida. Ikipita miezi minne na bado yanapishana, hapo si pa kusubiri tena! Nikang'ang'ana, nikaambiwa akianza shule atapimwa.

Akianza shule?! Jicho lisipoleta picha safi, ubongo wa mtoto unalipuuza na kubaki na lile zima. Tiba ya kuziba lile zima ili dhaifu lifanye kazi hufaa zaidi kabla ya miaka 7, na ikianza mapema ndiyo bora. Mtoto mwenyewe halalamiki. Atajuaje kuwa haoni vizuri wakati hajawahi kuona vingine?

Kinachoniuma zaidi, kipimo cha kichanga ni cha dakika chache. Taa unapunguza, unammulika kwa kifaa, unaangalia kama mboni zote mbili zinarudisha mng'ao unaofanana, mwekundu au wa rangi ya chungwa. Upande mmoja ukiwa mweupe au mweusi, mpeleke kwa daktari wa macho haraka: huenda ni mtoto wa jicho, huenda ni saratani ya retina, na hiyo inaua. Mtoto wa jicho mzito wa kuzaliwa nao huondolewa ndani ya wiki za mwanzo. Wiki, jamani, nyie mnanitajia shule!

Halafu kuanzia miaka 3 hadi 5, walau mara moja, kila jicho lipimwe peke yake. Msiniambie hajui kusoma, chati za picha zipo, anaonyesha kwa kidole. (Zibeni vizuri tu, hawa wanachungulia.)

Nilipofika kwa daktari wa macho kwa juhudi zangu, swali la kwanza: "Mbona mmechelewa kumleta?" Nilitamani kumpa namba za wale wa kliniki awaulize wao.

Waliopimiwa bila kugombana, waliwezaje?