MJADALA: Kwa nini mazoezi ya umma yawe alfajiri tu?

Mkazi wa Mbagala (mtoa mada)

Wakuu, Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Tangu hapo kila anayehamasisha anatuita saa 12 asubuhi. Jogging za mtaa, bonanza za maofisini, mbio za hisani, zote alfajiri. Hata Kigali wanapofunga barabara Jumapili kwa ajili ya mazoezi, ni asubuhi. Ni kama jasho la jioni halihesabiki.

Mimi nasema tunawaita watu saa ambayo mwili bado umelala. Joto la mwili hufika chini kabisa kwenye saa 10 au 11 alfajiri, kisha hupanda taratibu hadi kilele chake saa 11 au 12 jioni. Tofauti ni kati ya nusu nyuzi na nyuzi moja hivi, lakini msuli wenye joto hujikunja haraka na kwa nguvu zaidi, ndiyo maana vipimo vya nguvu na kasi kwa kawaida hutoka vizuri jioni. Hizi si porojo za gym. Hall, Rosbash na Young walipewa Nobel ya tiba mwaka 2017 kwa kuonyesha jinsi saa ya ndani ya mwili inavyofanya kazi.

Halafu kuna mgongo. Usiku, zile diski kati ya pingili za uti wa mgongo hufyonza maji na kuvimba kidogo, kwa hiyo ukiinama mara tu baada ya kuamka zinabanwa kuliko mchana. Sasa sikiliza mwalimu wa jogging anavyofungua kipindi: "Inama, gusa vidole!"

Na mama wa Mbagala anayeuza Kariakoo anaamka saa 10 usiku kugombea daladala. Ukimwambia mazoezi ni alfajiri, umemwambia asifanye. Karibuni.

Kocha wa Mchangani

Napinga, mkuu. Hizo tofauti zinamhusu anayewinda sehemu ya sekunde. Ni kweli Bolt alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 usiku, Berlin 2009. Lakini Kiptum wa Kenya alikimbia marathoni kwa 2:00:35 Chicago Oktoba 2023 asubuhi, na kule Iten, mji wa wakimbiaji Kenya, saa 12 asubuhi vikundi vimeshaingia barabarani. Simbu wetu alichukua dhahabu ya dunia Tokyo Septemba 2025 kwenye marathoni iliyoanza saa 1 na nusu asubuhi, nusu saa kabla ya muda uliopangwa awali, kwa kuogopa joto.

Mwili unafundishika. Fanya mazoezi saa ile ile wiki kadhaa na lile pengo la asubuhi na jioni linapungua. Shida ya jogging zetu ni kwamba mtu anashuka kwenye bodaboda na kuanza kukimbia hapo hapo. Mpe dakika 15 za kutembea na kuchezesha viungo, hiyo habari ya diski hutaisikia tena.

Fundi Feni

Mtoa mada, umewahi kukimbia Dar mwezi wa kwanza saa 10 jioni? Lami yenyewe inakupumulia usoni.

Mkazi wa Mbagala

Fundi, joto nalikubali. Mashindano ya dunia Doha 2019, marathoni ya wanawake ilianza saa 5:59 usiku, na bado kati ya wakimbiaji 68, 28 hawakumaliza. Chepngetich wa Kenya alishinda kwa 2:32:43, muda wa polepole kabisa kwa mtu wa kiwango chake. Ndiyo maana nimesema jioni, sijasema saa 10.

Nesi wa Zamu

Mnabishana juu ya wakimbiaji, mimi nawaona wanaokuja kliniki. Presha hupanda mtu anapoamka, na mishtuko ya moyo hutokea zaidi saa za asubuhi. Hiyo haina maana kwamba mazoezi ya asubuhi yanaua. Maana yake ni kwamba mzee mwenye presha asitoke kitandani na kuingia kwenye mashindano ya kupanda ngazi. Ameze dawa zake kama alivyoelekezwa, aanze taratibu.

Kwa kisukari mambo yanachanganya zaidi. Kuna utafiti wa Sweden wa 2019 kwa wanaume wenye kisukari aina ya pili: mazoezi makali ya mchana yalishusha sukari, ya asubuhi yaliipandisha. Lakini walikuwa watu 11 tu, msibadilishe ratiba ya taifa kwa hilo. Na anayechoma insulini akifanya mazoezi makali jioni, sukari inaweza kushuka usiku akiwa usingizini. Nina mama mmoja hutembea saa 11 jioni, pipi kafunga kwenye pindo la khanga, na kabla ya kulala anapima. Huyo simwambii ahamie alfajiri ili apendeze kwenye picha ya bonanza.

Mama Watatu

Alfajiri ni giza, mbwa na vibaka. Jioni napika. Mbona hakuna anayetaja saa 3 asubuhi chini ya mti?

Kocha wa Mchangani

Dada Nesi, hapo sina ubishi. Ila mtu mzima asiye na ugonjwa mwacheni achague saa atakayoiweza mwaka mzima.

Mkazi wa Mbagala

Achague wapi, Kocha? Kwetu uwanja pekee ni wa shule ya msingi. Jumamosi asubuhi geti liko wazi kwa ajili ya jogging. Jioni mlinzi anafunga saa 11, na taa hakuna. Mazoezi ya jioni tunayafanya kando ya barabara, tunapishana na bajaji.

Fundi Feni

Taa mbili za sola naweza kufunga, nguzo mtafute wenyewe. Nani anamfahamu mwalimu mkuu?