Tupeane uzoefu: tunavyopunguza gharama za kufua na za chakula hapa Dodoma

Ndugu zangu wa Dodoma, Singida na kanda yote hii ya kati, naomba tukusanye uzoefu wetu kuhusu namna kila mmoja anavyopunguza matumizi ya sabuni, maji, mkaa na chakula nyumbani kwake, bila familia kulala njaa wala watoto kwenda shule na kola nyeusi. Tuandike yale tunayoyafanya wenyewe, na inapowezekana tueleze kwa nini yanafaa, kwa sababu mbinu ya Bukoba, ambako mvua hainyimi, si lazima ifae kwetu ambako mvua huja kati ya Desemba na Aprili, kisha ardhi hukauka hadi karibu mwisho wa mwaka.

Naanza mimi, mkazi wa eneo la Kikuyu hapa mjini. Kwangu gharama ya kufua huanzia kwenye maji kabla ya kufika kwenye sabuni. Maji yetu mengi hutoka ardhini, na mitaa mingi inaijua chumvi yake. Ukisugua sabuni ya mche katika maji ya namna hiyo, madini yaliyomo hushikana na sabuni kwanza na kufanya utandu mweupe unaong'ang'ania ukingo wa beseni, na povu halitoki mpaka madini hayo yaishe. Sehemu ya mche huwa imekwisha kuliwa na maji kabla haijagusa uchafu wowote. Kwa hiyo msimu wa mvua nakinga maji ya bati, nikiyaacha ya mvua ya kwanza yapite na vumbi lake, na hayo ninayoyakinga nayatumia kwa mashati meupe na sare za shule. Kiangazi naloweka nguo kwa sabuni ya unga kidogo, kwa kuwa yenyewe haishindwi upesi na maji magumu, na mche naupaka mahali penye kazi tu: kola, kwapa, pindo la suruali na magoti ya watoto.

Mche wenyewe siutumii siku niliyoununua. Naukata vipande ungali laini, navipanga juu ya kabati mahali penye hewa na pasipo jua, navyo hukaa kama wiki mbili hivi mpaka vikawa vigumu na kulia vikigonganishwa. Sabuni mbichi ina maji mengi ndani yake na huyeyukia mkononi, ilhali iliyokauka hutoa kile unachokisugua tu. Maji nayo yana zamu yake: meupe kwanza, kisha za rangi, kisha za kazi, mwisho matambara na mazulia ya mlangoni, na maji ya suuza ya mwisho ndiyo ya kulowekea fungu linalofuata au ya kumwagia chooni.

Mama lishe, Majengo

Asante kwa kuanzisha jambo hili. Mimi napika kwa ajili ya biashara na kwa ajili ya nyumbani, na adui yangu mkubwa ni mkaa. Maharage ndiyo yaliyokuwa yakiumaliza, mpaka nilipofundishwa na shangazi yangu kutumia kapu. Jioni nayachambua na kuyaloweka kwa maji mengi, asubuhi nayamwaga maji yale na kuweka mapya, halafu nayachemsha kwa moto mkali kama nusu saa. Hapo nafunika sufuria vizuri na kuiingiza ndani ya kapu kubwa la ukindu nililolipanga ndani kwa blanketi kuukuu na vipande vya sponji, juu naweka mto ulioshonwa kwa kipimo cha mdomo wa kapu, na simfunulii mtu kwa saa nne au tano. Maharage yanaendelea kuiva kwa joto lake yenyewe wakati jiko langu linakaanga kitu kingine au limezimwa kabisa. Nikiyatoa nayarudisha motoni mpaka yachemke tena, ndipo naunga.

Naomba wanaotaka kujaribu wazingatie mambo mawili. Sufuria iwe imejaa, kwa sababu yenye nafasi kubwa ya hewa hupoa haraka. La pili ni la usalama: ule mchemko mkali wa mwanzo usirukwe, kwani maharage mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili inayosumbua tumbo, nayo huharibiwa na maji yanayochemka wala si na joto la vuguvugu. Anayeyatoa kwenye kuloweka na kuyapeleka moja kwa moja kapuni anajitafutia ugonjwa.

Jambo jingine ni mafuta. Tupo watatu tunaochanga na kununua dumu la lita 20 la mafuta ya alizeti kwa mkamuaji, kisha tunagawana kwa chupa za kipimo kimoja. Anayenunua kwa kipimo kidogo kila siku hulipa zaidi kwa mafuta yale yale.

Mtumishi, Ilazo

Nitaandika kwa ufupi. Nilihamia Dodoma pamoja na ofisi yangu, na hesabu ya dobi ilikuwa nzito kwa sababu ya vumbi. Sasa suti siipeleki kwa dobi kila mara. Jioni naitundika nje kwenye hewa, naipiga brashi, na doa nalifuta peke yake kwa kitambaa chenye maji. Ndani ya shati navaa fulana, kwa hiyo jasho linaishia kwenye nguo rahisi kufulika. Napiga pasi mara moja kwa juma, nguo zote kwa mkupuo, nikianza na zinazotaka moto mdogo na kumalizia na za pamba, kwa kuwa kuipasha pasi upya kila asubuhi kunakula uniti. Kwa mwenye mita ya matumizi madogo, ambaye bei yake nafuu inategemea kutovuka uniti 75 kwa mwezi, jambo hilo si dogo.

Kuhusu kuanika: hewa yetu ni kavu na nguo hukauka mapema, hivyo nafua alfajiri na kuanua kabla upepo wa mchana haujaleta vumbi. Shati lililoachwa kambani hadi saa tisa hurudi beseni.

Mama wa Chamwino

Wanangu, mmezungumza vizuri, lakini nashangaa hakuna aliyeutaja mlenda. Sisi Wagogo tunauchuma mvua zinaponyesha, wakati uko kila mahali na hauna bei, tunauanika na kuutwanga, nao unatulisha kiangazi chote. Nashauri uanikwe kivulini penye upepo, maana jua kali linaondoa rangi ya kijani pamoja na sehemu ya vitamini. Ukikauka unavunjika kwa vidole kama majani ya chai. Hapo unatwangwa, unachekechwa na kuhifadhiwa kwenye chombo chenye mfuniko.

Siku ya kuupika, maji yakichemka unanyunyizia unga wake kidogo kidogo huku unakoroga, unaongeza nyanya au karanga zilizopondwa, na kabla mkaa haujashika vizuri mboga imeiva. Hauhitaji mafuta. Kwa ugali wa uwele au wa mtama, mboga hiyo inatosha nyumba nzima. Vijana wa mjini wananunua mchicha kwa fungu kila siku mwezi wa Septemba, wakati bei imepanda, na huku gunia dogo la mlenda mkavu lingewavusha.

Mama lishe, Majengo

Shikamoo mama. Naomba kuuliza: magadi unaweka? Wengine huku sokoni wanaweka mengi sana, hata kwenye maharage, ili yaive upesi.

Mama wa Chamwino

Marahaba mwanangu. Kwenye mlenda naweka chembe tu, ili uvutike. Kwenye maharage siweki. Ni kweli magadi yanalainisha na kuokoa mkaa, lakini yanaharibu baadhi ya vitamini B, na ladha yake hukaa. Ukiwa na kapu lako hilo, huna haja nayo.

Mkazi wa Manyoni

Magadi mimi nayatumia upande wa kufua. Maji yetu ni magumu kama ya huko. Nakoroga kijiko kimoja cha magadi kwenye ndoo, naiacha ndoo itulie mpaka utandu ushuke chini, kisha namimina maji ya juu taratibu kwenye beseni. Sabuni ya mche hutoa povu mara moja. Nafanya hivyo kwa mashuka na nguo nyeupe za pamba pekee. Za sufu na hariri magadi yanaziharibu, na mikono nayo inataka kusuuzwa vizuri.

Mkulima, Kongwa

Mimi naomba nizungumzie mahindi, kwa sababu ndiko fedha nyingi ya chakula iliko, na ndiko ubanaji wa matumizi unakoweza kuua.

Anayeweza kuchanga fedha wakati wa mavuno anunue gunia zake mapema, iwe kwenye soko la Kibaigwa au kwa mkulima anayemfahamu, badala ya kununua unga wa kilo moja moja mpaka Februari. Lakini gunia la bei nafuu lisilohifadhiwa vizuri huwa chakula cha dumuzi. Mimi naanika juu ya turubai, kamwe si juu ya ardhi tupu, na kupima ukavu nachukua konzi ya mahindi, natia kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, natikisa na kusubiri kidogo. Chumvi ikishika kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado yana unyevu. Yakikauka nayaweka katika mifuko ile yenye matabaka ya nailoni ndani, nafunga kila tabaka peke yake na kwa nguvu. Wadudu waliobaki humaliza hewa iliyomo na kufa, bila dawa yoyote. Nikisaga, nasaga dona: sipotezi pumba na silipi kukoboa.

Sasa nawaomba mnisikilize vizuri. Mahindi yaliyoota ukungu, yaliyobadilika rangi au kusinyaa, msiyale kwa kuona uchungu kuyatupa. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, iliua watu katika mkoa wetu huu wa Dodoma na jirani zetu wa Manyara. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa, haiondoki kwa kukaangwa, na kuwapa kuku au kuyapikia pombe ni kuihamisha tu. Karanga nazo ni hivyo hivyo: iliyosinyaa na chungu itemwe. Kabla ya kupeleka mashineni, mwagieni mahindi kwenye ungo mahali penye mwanga na kuchambua punje kwa punje. Kazi hiyo inachukua muda, na nyumbani kwangu hatuikwepi.

Mwanafunzi, Ng'ong'ona

Shikamooni wakubwa zangu. Sisi tunaosoma chuo kikuu na kupanga vyumba huku nje, tunaishi wanne na tunachangia mtungi mmoja wa gesi. Anayepika hupika kwa wote, mara moja jioni, na kiporo cha wali tunakipoza mapema, tunakifunika, na asubuhi tunakipasha mpaka kitoe moshi kabla ya kukila na chai. Kwenye kufua tunaunganisha mashuka yetu Jumamosi moja ili tununue maji kwa dumu chache. Nilitaka kumuuliza mama lishe: kapu lako linafaa pia kwa makande?

Mama lishe, Majengo

Marahaba mwanangu. Makande yanafaa sana, kwa sababu mahindi yake ndiyo yanayokula mkaa kuliko hata maharage. Loweka vyote pamoja usiku kucha, chemsha saa nzima kwanza kwa kuwa mahindi ni magumu, ndipo uyaingize kapuni asubuhi mnapokwenda darasani. Mkirudi mchana yachemsheni tena kabla ya kuunga, na kama mahindi bado yanauma meno, yarudisheni kapuni yakiwa bado yanatokota.